Majarida ya Zamani ya Hotrodi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapotaja kwamba nakusanya majarida ya magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960, watu huniuliza mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa ufupi, na pale penye utamu nimekaa.

Hotrodi ni gari la namna gani?

Ni gari kuukuu la kawaida, aghalabu Ford ya miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa kila kisichohitajika na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile lililotoka nayo kiwandani. Madigadi yaling'olewa, boneti mara nyingi ikaachwa nyumbani, kioo cha mbele kikafupishwa, bodi ikateremshwa ikaribie ardhi. Shabaha ya kwanza ilikuwa kupunguza uzito na kuongeza spidi. Uzuri ulifuata baadaye, na ulipokuja ulikuja kweli kweli. Gari la bei mbaya lililonunuliwa dukani na mbio zake halihesabiwi. Sharti mkono wa mwenye gari uonekane.

Mambo haya yalianzia wapi?

Kusini mwa California, kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave: Muroc, Rosamond, Harper, El Mirage. Maji yakishakauka, hubaki uwanja wa udongo mgumu, tambarare hadi macho yanapokomea. Vijana wa Los Angeles waligundua kwamba pale gari linaweza kukanyagwa mafuta mpaka mwisho bila kukuta ukuta, mti wala askari. Mwaka 1937 vilabu kadhaa vikaungana kuunda Southern California Timing Association, SCTA, ili pawe na saa za kuaminika, madaraja ya magari na kanuni za usalama.

Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha kila kitu. Muroc ikabaki mikononi mwa jeshi, na leo ndiyo kambi ya ndege ya Edwards. Lakini vijana waliotoka vitani walirudi na mshahara waliouweka akiba na ujuzi wa kufungua injini za ndege na za malori. Mwaka 1949 SCTA ikapata ruhusa ya kukimbilia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, ambako nafasi ni kubwa zaidi. Bila kundi hili la wanaume wenye ujuzi na wenye hamu ya kusoma, jarida lingemuuzia nani?

Jarida la kwanza lilikuwa lipi?

Wengi watakujibu Hot Rod, Januari 1948. Kabla yake lilikuwepo Throttle, lililotoka mwaka 1941 na kuzimwa na vita. Na wakati wa vita alikuwepo Veda Orr, mwanamke aliyekuwa akikimbiza gari mwenyewe kwenye maziwa makavu, aliyechapa habari za mbio na kuzituma kwa posta kwa wanajeshi waliokuwa ng'ambo. Kwangu mimi historia ya majarida haya inaanzia pale: mtu yuko mbali, amekaa na karatasi mkononi, anasoma habari za magari ya nyumbani.

Hot Rod lilianzishwa na Robert E. Petersen pamoja na mwenzake Robert Lindsay. Petersen alikuwa amefanya kazi ya utangazaji kwenye studio ya filamu ya MGM, akapunguzwa, akajiunga na wenzake waliokuwa wakiandaa maonyesho ya hotrodi ya Los Angeles ya Januari 1948. Toleo la kwanza liliuzwa kwenye maonyesho hayo hayo kwa senti 25. Kisha wakalitembeza wenyewe kwenye viwanja vya mbio, nakala kwa nakala. Mwaka uliofuata uhariri ukashikwa na Wally Parks, mtu wa SCTA, na hapo jarida likapata uti wa mgongo.

Ndani ya toleo moja mlikuwa na nini hasa?

Hapa ndipo penyewe. Chukua toleo lolote la miaka ya mwanzo ya 1950. Utakuta gari la mwezi, limepigwa picha kutoka kila upande, na mwenyewe ametajwa: kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake fundi au mwanafunzi au karani. Maelezo hayaishii kwenye sifa. Unaambiwa silinda zimetanuliwa kwa kiasi gani, kemshafti (fito inayofungua vali za injini) imesagwa na nani, ekseli ya mbele imetoka kwenye gari la mwaka gani, rangi imepigwa na gereji ipi. Msomaji wa Ohio au Texas aliweza kuanza kukusanya spea kwa kufuata orodha ile.

Kisha zinafuata kurasa za ufundi, na hizi ndizo zinazonifanya niyathamini majarida haya kuliko vitabu vingi vya kiada. Namna ya kufunga breki za haidroliki za Ford ya 1939 kwenye gari la zamani lenye breki za fito. Namna ya kufunga kabureta mbili au tatu badala ya moja. Namna ya kusaga uso wa silinda hedi ili mgandamizo uongezeke, na dalili za kukuonya kwamba umezidisha. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, mikono ya fundi ikionekana na uchafu wake, na kila hatua ilikuwa na maelezo chini ya picha. Mwandishi alikuwa amekaa kwenye gereji hiyo siku nzima.

Palikuwa na barua. Mtu anaandika kwamba injini yake inachemka kila akipanda mlima, na mhariri anamjibu kwa heshima kama mtu mwenye akili. Palikuwa na katuni za Tom Medley, na mhusika wake Stroker McGurk, kijana mwenye mawazo ya kiufundi yaliyopitiliza, ambaye wasomaji walimsubiri kila mwezi.

Na palikuwa na matangazo. Usiyaruke. Vic Edelbrock akiuza manifoldi zake (njia zinazogawia silinda hewa na mafuta), Ed Iskenderian kemshafti zake, Dean Moon vifaa vyake vyenye nembo ya macho mawili, na Honest Charley aliyekuwa akiuza kwa posta kutoka Chattanooga, Tennessee. Unakata kuponi, unatia dola kwenye bahasha, unangoja. Biashara hii ya posta ndiyo iliyolitoa jambo la mtaa wa Los Angeles na kulifikisha kwenye miji midogo ambayo haikuwa na duka hata moja la spea za mbio. Jarida lilikuwa mwalimu na duka kwa pamoja.

Kwa nini Ford ya 1932 inatajwa mno?

Kwa sababu mwaka huo Ford ilitoa injini ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuinunua. Bloku yake ilisubiwa kipande kimoja, kazi iliyokuwa ngumu mno kwa viwanda vya wakati huo. Ujazo wake ulikuwa inchi za ujazo 221, kama lita 3.6, na nguvu za farasi 65. Leo namba hizo ni ndogo, lakini kwenye gari jepesi vile zilitosha kumshtua dereva.

Baada ya vita magari haya yalikuwa yamejaa kwenye viwanja vya magari mabovu, bei yake ya kutupa. Injini ya aina hiyo ilikuwa na kasoro yake: njia za moshi zilipita ndani ya bloku yenyewe, kwa hiyo joto lilikuwa ugonjwa wake wa kudumu. Nusu ya makala za ufundi za miaka ile zinahangaika na joto hilo. Mimi naona kasoro ile ilikuwa baraka kwa majarida, maana injini isiyosumbua haina cha kuandikwa. Na sura ya gari lenyewe, radieta iliyosimama na mistari safi ya bodi, mpaka leo haijapata mpinzani.

Mwaka 1955 kulitokea nini?

Chevrolet ilitoa V8 yake ndogo ya inchi za ujazo 265. Ilikuwa nyepesi, ilizunguka kwa kasi bila kulalamika, na ilikubali kuongezewa nguvu kwa gharama ndogo. Mwaka 1957 ikafika inchi 283, na baadaye ikaja ile ya 350 ambayo hata mtu asiyejua magari amewahi kuisikia. Ukipanga matoleo yako kwa miaka utaona kwa macho: Ford za zamani zinabaki na bodi zao, lakini chini ya boneti anahamia Chevrolet. Wazee walinung'unika kwenye barua. Vijana walishika spana.

Je, majarida haya yalichochea mbio za hatari barabarani?

Swali hili liliulizwa tangu wakati ule. Miaka ya 1940 neno lenyewe la hotrodi lilikuwa tusi kwenye magazeti, na polisi na wazazi walitaka vijana hawa wakomeshwe. Petersen na Parks walijua kwamba wasipowapa vijana mahali pa kukimbilia, sheria itawafunga wote. Ndipo mwaka 1951 Parks akaanzisha National Hot Rod Association, NHRA, huku akiendelea kuhariri jarida, na kurasa za jarida zikawa mimbari ya chama.

Mwaka 1954 chama kilituma kikundi cha watu wachache wakiwa na gari moja na trela, wakazunguka Marekani kufundisha vilabu na polisi wa miji jinsi ya kugeuza viwanja vya ndege vilivyoachwa kuwa njia za mbio: saa, mstari, ukaguzi wa breki na mikanda. Mkuu wa msafara, Bud Coons, alikuwa ametoka kwenye polisi wa mji wa Pomona. Ndivyo zilivyoenea mbio za dragi, yaani magari mawili yakianza kutoka kusimama na kukimbia robo maili iliyonyooka. Mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Great Bend, Kansas.

Mbio za barabarani hazikuisha, na sitasema ziliisha. Lakini jarida lililowaambia wasomaji wake kila mwezi wafunge mikanda na wakaguliwe breki haliwezi kubeba lawama ile.

Nimeona majarida mengine madogo, ya kuingia mfukoni. Ni ya nini?

Hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Hop Up, Honk! (lililoanza 1953 na mwaka huo huo likageuka kuitwa Car Craft) na Rod & Custom, nalo la 1953. Yalikuwa madogo hivi kwamba kijana aliweza kulificha ndani ya kitabu cha hesabu darasani. Hot Rod lilikuwa na mwelekeo wa kasi na chama. Haya madogo yalipenda umbo: mabati, rangi, mistari.

Humo ndimo utakutana na Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyotengenezwa mwaka 1952 katika gereji ya akina Barris. Paa limekatwa na kushushwa, kingo zote zimelainishwa, rangi mbili za kijani. Hirohata aliliendesha kutoka California mpaka Indianapolis mwaka 1953, akaandika safari yake katika Rod & Custom. Miaka michache baadaye gari hilo hilo lilikuwa limekaa kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na kijana wa shule aitwaye Jim McNiel akalinunua kwa dola 500. Akakaa nalo maisha yake yote. Januari 2022 liliuzwa mnadani kwa karibu dola milioni mbili.

Ed Roth naye alitoka kwenye ulimwengu huu. Alifinyanga bodi za faibaglasi, zikiwemo Outlaw na Beatnik Bandit, na akawauzia watoto wa Marekani fulana za panya wake mwenye macho yaliyotoka, Rat Fink, kupitia matangazo ya majarida.

Watu weusi na Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa wapi?

Walikuwepo tangu mwanzo, lakini kwenye kurasa walikuwa wachache mno kuliko walivyokuwa viwanjani. Ukifungua matoleo ya miaka ya 1950 utaona nyuso za vijana weupe ukurasa baada ya ukurasa. Ninayapenda majarida haya na hili linaniuma.

Malcolm Durham, dereva mweusi kutoka eneo la Washington, alijijengea jina miaka ya 1960 kwa Chevrolet zake alizoziita Strip Blazer. Los Angeles alikuwepo Big Willie Robinson, pande la mtu, aliyeunda Brotherhood of Street Racers baada ya ghasia za 1965 katika mtaa wa Watts. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja wakizungumza injini, hawatapigana, na mwaka 1974 alifanikiwa kufungua uwanja wa mbio kwenye kisiwa cha Terminal Island, bandarini. Yeye na mkewe Tomiko wote waliendesha.

Vijana wenye asili ya Meksiko nao walikuwa na utamaduni wao wa magari yaliyoshushwa, yanayokwenda taratibu kwa makusudi. Majarida makubwa yalipowapuuza, walianzisha lao: Lowrider, San Jose, 1977. Nakushauri ulitafute. Picha zake za familia nzima zimesimama kando ya gari hazipatikani katika Hot Rod.

Na wanawake?

Veda Orr nimekwisha kumtaja. Shirley Muldowney alipata leseni ya NHRA ya daraja la juu kabisa la mbio za dragi mwaka 1973, mwanamke wa kwanza, kisha akatwaa ubingwa mwaka 1977, 1980 na 1982. Kwenye majalada, kwa muda mrefu mno, mwanamke aliwekwa kama pambo la boneti. Ni sehemu ya majarida haya ambayo haijazeeka vizuri.

Kwa nini watu husema miaka ya 1970 iliua raha?

Mwaka 1970 ilipitishwa sheria kali ya hewa safi. Kuanzia 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, kwa hiyo namba zilianguka hata pale injini haikubadilika. Oktoba 1973 vikwazo vya mafuta vikaleta foleni kwenye vituo vya petroli. Bima kwa kijana mwenye gari la nguvu ilikuwa imeshapanda. Majarida yakajaza kurasa za vani zilizopakwa picha na kutandikwa mazulia ndani. Wapo wanaozipenda.

Sikubali kwamba raha ilikufa, ingawa. Street Rodder lilianza 1972, kwa ajili ya watu waliotaka kurudi kwenye Ford zao za zamani na kusafiri nazo, na lilidumu miongo.

Nini kiliyamaliza majarida yenyewe?

Intaneti ilichukua matangazo kwanza, kisha maswali ya ufundi. Petersen aliuza kampuni yake mwaka 1996, na majina yakapita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Desemba 2019 kampuni iliyokuwa nayo wakati huo ilitangaza kwamba itaacha kuchapa 19 kati ya majarida yake 22. Car Craft na Street Rodder yalikwenda kwa pigo moja hilo. Hot Rod liliachwa hai pamoja na Motor Trend na Four Wheeler.

Video zipo tele. Karatasi ina nini cha ziada?

Video ninazitazama pia, na kuna mafundi wanaofundisha vizuri sana humo. Tofauti ninayoiona ni hii: jarida lilikuwa na mhariri aliyeamua nini kinastahili, na lilikupa usilolitafuta. Ulilinunua kwa sababu ya kabureta ukamaliza umesoma habari ya mzee wa Bonneville. Tena ulisubiri mwezi mzima, na katika kusubiri ulisoma upya mpaka matangazo. Watu wengi wanaokumbuka majarida haya wanaweza kukutajia jalada lililokuwa kitandani kwao walipokuwa na miaka kumi na minne.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo mmoja ninaoufurahia. Mwaka 1964 kampuni ya Mercury ilileta magari yake ya Comet kwenye mbio za East African Safari, zikiwa zimeandaliwa na Bill Stroppe wa Long Beach, California, fundi aliyetoka katika ulimwengu huu huu wa hotrodi. V8 za Kimarekani zikakutana na matope na mashimo yetu, na nyingi hazikufika mwisho. Mshindi alikuwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young.

Vipimo vyao vinanichanganya.

Inchi moja ya ujazo ni kama sentimita 16.4 za ujazo. Kwa hiyo injini ya 265 ni lita 4.3, na 350 ni lita 5.7. Robo maili ni mita 402. Maili 100 kwa saa ni kilomita 161.

Nikinunua nakala za zamani niangalie nini?

Fungua katikati kwanza. Kuponi zilikatwa, na kila kuponi iliyokatwa imeondoka na kipande cha makala upande wa pili. Angalia pini: zikiwa na kutu, karatasi inayozizunguka itachanika. Karatasi ya bei rahisi huwa ya manjano na kuvunjika pembeni, hilo huwezi kulirudisha nyuma, unaweza tu kulichelewesha kwa kuyaweka mbali na jua na joto.

Kwa wanaoishi pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Usiyaegemeze ukutani, usiyaweke sakafuni, na usiyafunge kwenye plastiki isiyopumua, kwani kuvu itaanzia kwenye uti. Kabati lililoinuliwa lenye nafasi ya hewa, na kuyafungua mara kwa mara kukagua wadudu, vinatosha kwa nyumba ya kawaida.

Matoleo ya Hot Rod ya 1948 ni ghali. Ya miaka ya 1960 na 1970 yalichapwa kwa wingi na bei yake ni ya kibinadamu, na kwa msomaji ndiyo yenye mengi zaidi ya kufundisha.

Magari yenyewe na watu wake bado wapo?

Wapo. Petersen Automotive Museum iko Wilshire Boulevard, Los Angeles, tangu 1994, na makumbusho ya NHRA yenye jina la Wally Parks yako Pomona. Ukitaka kusikia sauti, SCTA bado wanakimbia El Mirage, na kila Agosti wanakwenda Bonneville. Chumvi ya Bonneville imekuwa ikipungua unene, na mbio za Agosti zilifutwa mwaka 2014, 2015 na 2022 kwa sababu ya hali ya uwanda. Kabla hujalipia nauli, hakikisha SCTA wametangaza kwamba uwanda umekauka vya kutosha, na ubebe maji mengi na kofia pana, kwa sababu hakuna mti hata mmoja.